Utitiri kwenye mitufaha: mavuno yanapungua kwa kiasi gani, na hatua ichukuliwe lini?

Mkulima_Njombe aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu nyote. Nina shamba la mitufaha hapa Njombe, sehemu kubwa ikiwa ni aina ya Anna, na katikati ya mistari nimechanganya Dorset Golden kwa ajili ya uchavushaji. Miti imekwisha kukomaa na inazaa vizuri. Mwaka huu maua yalitoka Septemba kwa wingi kuliko kawaida, matunda yakashika, na sasa tukielekea mwisho wa Oktoba mengi yamefikia ukubwa wa ndimu.

Tatizo langu ni majani. Yalianza kwa kuwa na vidoa vidogo vyeupe kana kwamba yamechomwachomwa kwa ncha ya sindano, kisha yakafifia, na kwenye baadhi ya miti yamegeuka rangi ya shaba. Nikipindua jani naona chembe mithili ya vumbi kando ya mshipa wa kati, na nikitumia lenzi ya mkono chembe hizo zinatembea. Ni utitiri wa rangi ya kijani hafifu, wenye doa jeusi kila ubavu, na penye wengi kuna utando mwembamba.

Tangu Agosti nimepulizia mara kadhaa dawa ya jamii ya pairethroidi dhidi ya viwavi na vidukari, pamoja na mankozebu dhidi ya magonjwa ya ukungu. Kadiri ninavyopulizia, ndivyo utitiri wanavyoongezeka, ilhali jirani yangu ana miti michache nyuma ya nyumba ambayo haijawahi kupuliziwa chochote na majani yake ni ya kijani kabisa. Muuza pembejeo ameniambia nisihangaike, kwa sababu utitiri hula majani na si matunda. Naomba wenye ujuzi wanifahamishe: je, ni kweli kwamba mavuno hayaguswi? Kama yanaguswa, ni kwa kiasi gani? Na je, nipulizie dawa ya utitiri sasa, au nisubiri mvua za Novemba ziwaoshe?

Mgani_Mstaafu alijibu:

Ndugu Mkulima, pole kwa kazi, na ahsante kwa kueleza ulichokiona kwa macho yako badala ya kuomba jina la dawa tu.

Ni kweli kwamba utitiri huyu hali tunda. Lakini tunda halina pengine pa kupata sukari isipokuwa kwenye majani, na hasa yale majani machache yanayozunguka kikonyo chake. Utitiri huchoma seli za jani kutoka upande wa chini na kufyonza kilichomo, pamoja na kile kijani kinachowezesha usanisinuru. Kila kidoa cheupe unachokiona ni kundi la seli zilizokwisha kuachwa tupu. Jani linapofikia rangi ya shaba, uwezo wake wa kutengeneza chakula ulianza kushuka muda mrefu kabla, kwa hiyo anayesubiri rangi ya shaba ndipo aanze kukagua shamba amechelewa.

Swali lako la kiasi gani ni gumu kujibiwa kwa asilimia moja, na mtu akikutajia asilimia bila kukuuliza tarehe na wingi wa matunda, usimwamini. Idadi ileile ya utitiri inaweza kukuharibia msimu mzima au isikudhuru hata kidogo, kutegemea wamekuja lini na mti umebeba nini.

Nianze na wakati. Ukubwa wa tufaha wakati wa kuvuna hutokana na mambo mawili: idadi ya seli zake na jinsi kila seli ilivyotanuka. Seli hugawanyika na kuongezeka katika wiki nne hadi sita za mwanzo baada ya maua, na baada ya hapo kazi inayobaki ni kutanuka tu. Mti ukikosa chakula katika wiki hizo, tunda litakuwa na seli chache, na hakuna mbolea wala maji yatakayoziongeza baadaye. Katika kipindi hichohicho ndipo mti unapoanza kuandaa machipukizi ya maua ya msimu ujao, na ndiyo maana shamba lililoshambuliwa vibaya mapema hutoa matunda madogo mwaka huu na maua machache mwaka unaofuata. Mkulima huona hasara ya pili bila kujua ilitoka wapi. Hulaumu hali ya hewa au miche.

Kwa sababu hiyo, Chuo Kikuu cha Cornell huwashauri wakulima wa New York, ambako maua hutoka Mei, watumie viwango vinavyopanda kadiri msimu unavyosonga: Juni wachukue hatua wastani ukifikia utitiri 2.5 kwa jani, Julai 5, na nusu ya kwanza ya Agosti 7.5. Mti ule ule unavumilia utitiri mara tatu zaidi pale tunda linapokuwa limekwisha kujengeka. Kwako wewe, Oktoba ndiyo Juni yao.

Hapo ndipo nyanda zetu za juu zinapotofautiana na New York, na jambo hili linanisumbua sana. Huko kwa kawaida utitiri hufikia kilele Julai na Agosti, wakati miti imekwisha kuvuka kipindi chake dhaifu. Njombe maua hutoka mwishoni mwa kiangazi, jua kali na vumbi likiwa kila mahali, na hali hiyo ya ukavu ndiyo inayowafaa utitiri. Kilele chao na kipindi dhaifu cha tunda vinakutana. Mvua kubwa ya Novemba itawapunguza kweli, lakini itakuta seli zimekwisha kugawanyika, kwa hiyo usiisubiri.

La pili ni mzigo wa matunda. Katika miaka ya 1990 watafiti wa Geneva, New York, miongoni mwao Alan Lakso na Jan Nyrop, walipima jinsi miti inavyotengeneza na kutumia chakula chake, wakaonyesha kwamba mti wenye matunda machache huhimili utitiri wengi bila tunda kupungua, kwa sababu majani yake yalikuwa yakizalisha chakula cha ziada, ilhali mti uliojaa matunda hauna akiba hiyo, na kila sehemu ya jani inayopotea inaonekana moja kwa moja kwenye ukubwa wa tunda. Umesema mwaka huu matunda yameshika kwa wingi. Je, uliyapunguza? Kama hukuyapunguza, miti yako iko katika hali ile isiyovumilia.

Naomba uhesabu. Chagua miti kadhaa pande mbalimbali za shamba, chuma majani ya umri wa kati karibu na matunda, jumla yapate 50, kisha hesabu kwa lenzi utitiri wote wanaotembea na ugawanye kwa idadi ya majani. Andika mistari ya barabarani peke yake.

Duka_na_Shamba_Lushoto alijibu:

Namheshimu mzee wetu mgani, ila naomba kutoa angalizo. Mimi ninalima nyanya na mitufaha, na pia ninauza pembejeo. Utitiri huyu mwenye madoa mawili ndiye yuleyule wa kwenye nyanya, na kwenye joto la nyuzi 30 hukua kutoka yai hadi kuwa mkubwa kwa muda wa wiki moja hivi, huku jike mmoja akiweza kutaga mayai zaidi ya 100. Mkulima akianza mambo ya kuhesabu na wastani, atamaliza hesabu shamba likiwa limefunikwa na utando. Ushauri wangu ni apulizie abamektini, dawa ya kuua utitiri, leo, arudie baada ya siku saba, na bomba lielekezwe chini ya majani, maana dawa inayobaki juu ya jani haimfikii mdudu. Kuhesabu kufuate baadaye.

Kwa muuza duka mwenzangu aliyesema utitiri hawapunguzi mavuno, sikubaliani naye hata kidogo. Katika nyanya tunaona kila mwaka.

Bonde_la_Columbia alijibu:

Nawasalimu kutoka Wenatchee, jimbo la Washington, ninakofanya kazi katika mashamba ya mitufaha. Jimbo hili peke yake hutoa zaidi ya nusu ya matufaha yote ya Marekani, na bonde hili ni kavu na lenye vumbi, kwa hiyo habari za utitiri huku ni mazungumzo ya kila msimu. Ningependa kumjibu Mkulima kuhusu miti ya jirani yake, kwa sababu nadhani hilo ndilo swali kubwa kuliko yote aliyouliza.

Baada ya Vita Kuu ya Pili wakulima walianza kutumia DDT dhidi ya nondo wa matufaha, ambaye kiwavi wake hutoboa tunda hadi kwenye mbegu. Nondo walikufa. Utitiri, ambao hapo kabla walikuwa kero ndogo, wakawa janga, kwa kuwa DDT iliwaua wadudu waliokuwa wakiwala bila kuwamaliza utitiri wenyewe. Ikaletwa dawa ya utitiri, wakaizoea. Ikaletwa nyingine, wakaizoea nayo. Utitiri hujenga usugu haraka mno, kwa sababu vizazi vyao ni vifupi, na pia kwa sababu madume hutokana na mayai yasiyorutubishwa, hivyo kila dume ana nakala moja tu ya vinasaba; dume asiye na usugu hufa papo hapo na mwenye nao ndiye anayebaki kuzaa. Kufikia miaka ya 1960 wakulima walikuwa wanatumia fedha nyingi kupambana na mdudu ambaye kwa kiasi kikubwa walimtengeneza wenyewe.

Hapa Wenatchee alikuwapo mtafiti aitwaye Stanley Hoyt. Aligundua kwamba utitiri mmoja mlaji, anayekula utitiri wenzake, ambaye leo huitwa Galendromus occidentalis, alikuwa amekwisha kujenga usugu dhidi ya azinfosimethili, dawa iliyotumika wakati huo kwa nondo wa matufaha. Hoyt akapendekeza jambo ambalo wengi waliliona la hatari: mkulima aendelee kudhibiti nondo kwa kiwango kidogo cha dawa hiyo, aache dawa zote zinazomwua utitiri mlaji, na asiwaue hata utitiri wa kutu wanaoishi juu ya majani ya mtufaha, kwa sababu hao ndio chakula cha mlaji mapema katika msimu kabla utitiri waharibifu hawajaongezeka. Alichapisha kazi hiyo mwaka 1969. Mashamba yaliyofuata mpango huo yalipunguza sana dawa za utitiri, na majani yakabaki ya kijani.

Kwa hiyo, ndugu yangu, miti ya jirani haina siri. Ina walaji. Wewe ulipopulizia pairethroidi uliwaondoa walaji wako, na pairethroidi hubaki kwenye jani kwa muda mrefu kiasi cha kuwazuia kurudi. Mankozebu nayo si salama kama wengi wanavyodhani: ni dawa ya ukungu, lakini imethibitika kudhoofisha baadhi ya utitiri walaji, akiwamo Typhlodromus pyri anayetegemewa sana katika mashamba ya New York na Ulaya.

Ukirudi shambani na lenzi yako, tafuta mdudu wa ukubwa uleule lakini asiye na madoa, mwenye umbo la tone, anayeng'aa, na anayekimbia. Utitiri mharibifu hutembea polepole au hukaa palepale anapofyonza. Mlaji hazungukii mahali pamoja, hupita mshipa kwa mshipa akitafuta. Mayai ya mharibifu ni ya duara kabisa, ya mlaji yamerefuka kidogo. Wengi huku hutumia kipimo cha mlaji mmoja kwa kila waharibifu kumi: mkikaribia hapo, mara nyingi walaji watamaliza kazi wenyewe, na kupulizia abamektini ni kuwakatisha.

Mgani_Mstaafu aliongeza:

Namuunga mkono ndugu wa Wenatchee, na nikumbushe kwamba jambo hili si geni kwetu. Utitiri wa kijani wa muhogo alipoonekana Uganda mwaka 1971 na kuenea katika nchi nyingi za Afrika, hakushindwa kwa mabomba ya dawa. Mlaji wake, Typhlodromalus aripo, aliletwa kutoka Brazili na kuachiwa Benin mwaka 1993, kisha akasambazwa nchi nyingine. Mchana hujificha kwenye ncha ya chipukizi la muhogo, na usiku hushuka kwenye majani kuwinda. Wakulima wengi wanaomfaidi hawajui hata kama yupo.

Kwa ndugu wa Lushoto: hesabu yako ya wiki moja ni sahihi kwa nyuzi 30, ila Njombe usiku kuna baridi, na kizazi kimoja huchukua wiki mbili hadi tatu. Kukagua kila wiki kunatosha kabisa. Tena abamektini huingia vizuri kwenye jani lililo changa, katika wiki kama mbili baada ya petali kuanguka; jani likishakomaa na kukakamaa halinyonyi vya kutosha, na dawa iliyobaki nje huharibiwa na jua. Mwishoni mwa Oktoba Mkulima angelipa bei kamili kwa kazi nusu.

Mkulima_Njombe alijibu:

Nawashukuru sana, wazee wangu na ndugu zangu. Nimehesabu kama nilivyoelekezwa. Katika mistari ya kando ya barabara ya vumbi wastani umefika karibu 9 kwa jani, na sikuona mlaji hata mmoja. Katikati ya shamba wastani ni 4 na ushee, walaji wakiwa wachache mno. Upande wa chini, ambako nyasi hazijafyekwa, wastani hauzidi 2, na huko nimewaona hao wanaokimbia, wa rangi ya maziwa, kwenye majani mengi. Mmoja nilimkuta akiwa ameshikilia yai la duara, na mwili wake ulikuwa umeanza kubadilika rangi.

Jambo jingine nililoligundua ni kwamba nina vinyungu (bustani za kiangazi) vya maharage vinavyopakana na mistari ile ya barabarani. Maharage yamekauka sasa, na majani yake yamejaa utando uleule. Kuhusu kupunguza matunda, sikupunguza, kwa kuwa niliona ni baraka. Vikonyo vingi vina matunda matatu hadi manne.

Naomba ushauri wa mwisho: nianzie wapi, na je, matunda haya bado yanaweza kukua?

Duka_na_Shamba_Lushoto alijibu:

Hayo maharage ndiyo chanzo cha mistari ya barabarani. Utitiri huyu hula mimea ya aina nyingi sana, na maharage yakikauka lazima ahamie kwenye kitu kibichi kilicho karibu. Hali ni hiyohiyo ukipulizia dawa ya magugu chini ya miti wakati wa kiangazi: magugu yakifa, wote wanapanda juu. Kwa takwimu hizi nakubali kwamba shamba zima halihitaji dawa. Mistari ya barabarani, hata hivyo, sioni namna ya kuiacha.

Mgani_Mstaafu alijibu:

Naafiki. Ndugu Mkulima, anza na matunda, tena wiki hii. Acha tunda moja kwa kila kikonyo, au mawili pale palipo na majani mazuri, ukiondoa madogo na yenye kasoro. Fanya kwa mkono. Kuna wanaopunguza matunda kwa kupulizia kabarili, nayo itawaua walaji uliowaona upande wa chini. Muda wa seli kugawanyika unakaribia kwisha, kwa hiyo tunda lililodumaa halitafikia ukubwa ambao lingeufikia, lakini kutanuka bado kupo kwa miezi mbele, na majani yaliyosalia yakilisha matunda machache utapata matunda ya kuuzika badala ya mzigo wa matunda ambayo soko litayakataa. Kupunguza sasa kutakusaidia pia kwenye maua ya mwakani, ingawa si kwa kiasi ambacho ungepata kama ungefanya hivyo mapema mwezi huu.

Mistari ya barabarani ipulizie dawa maalumu ya utitiri, na hiyo mistari tu. Bifenazeti huwapiga wanaotembea na kwa kawaida huwa haiwaumizi sana walaji. Etoksazoli na heksithiazoksi huwapiga mayai na wachanga, wakubwa hubaki. Kabla ya kununua hakikisha dawa imesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, kwa matumizi unayokusudia, na usiitumie mara mbili mfululizo katika msimu mmoja. Katikati ya shamba wastani wa 4 umepita 2.5 ya Oktoba lakini haujafika 5 ya mwezi unaofuata, kwa hiyo kagua tena baada ya wiki moja. Walaji wakiwa wameongezeka, usiguse. Unaweza pia kukata matawi madogo yenye walaji upande wa chini na kuyafunga kwenye miti ya katikati, nao watahamia wenyewe jani linapoanza kunyauka. Kwenye mistari uliyopulizia, yapeleke baada ya dawa kupungua nguvu.

Maharage yaliyokauka yang'oe, uyafunge kwenye magunia papo hapo na kuyachoma mbali na shamba. Ukiyaburuta katikati ya miti utawagawa utitiri kila mahali. Miti ya barabarani imwagilie maji ya kutosha, kwa kuwa mti wenye kiu huumia zaidi kwa idadi ileile ya utitiri, na ukiweza mwagia na barabara yenyewe, maana vumbi huwatesa walaji kuliko waharibifu. Mbolea ya urea simamisha kwa sasa. Nitrojeni nyingi hufanya jani kuwa chakula bora kwa utitiri, na wao hujibu kwa kutaga zaidi.

Pairethroidi iache kabisa kwenye mitufaha. Kwa magonjwa ya ukungu muulize afisa ugani wa kata yako mbadala wa mankozebu, ukikumbuka kwamba salfa ikirudiwarudiwa huwabana walaji vilevile, na kwamba mafuta ya kupulizia mitini hayapaswi kukaribiana na salfa kwa muda wa wiki mbili, kwani majani huungua.

Bonde_la_Columbia alijibu:

Kuhusu mafuta hayo, niongeze neno moja kabla hujayanunua kwa ajili ya mwakani. Huku tunayapulizia kabla ya maua ili kuyaziba pumzi mayai mekundu ya Panonychus ulmi, ambayo hukaa kwenye gome majira yote ya baridi. Wako si huyo. Wako ana madoa mawili na anatengeneza utando, ni Tetranychus urticae, naye huvuka majira mabaya akiwa jike mzima kwenye magugu na nyufa za gome, hivyo mafuta ya kabla ya maua yatakupa faida ndogo. Fedha hiyo itumie kuyaondoa maharage ya vinyungu mapema, yakiwa bado mabichi, kabla maua ya Septemba hayajafunguka, na anza kuhesabu majani petali zinapoanguka.